Nyumba ya Mtani Wangu Damiani

Wanangu wa ofisini, mliniaga vizuri. Mlinipa kiti cha kuegemea, doti mbili za khanga na keki yenye maua, na keki nilikula ingawa daktari wa sukari alikwisha kunikanya. Halafu mkanishika mkono mkasema, Bibi Esha, tuandikie mambo ya kazi kabla hujayasahau. Kusahau mimi siwezi, ndiyo maradhi yangu. Ila kuandika kunanichukua muda, maana nina darasa la nne tu la kijijini, na siku nyingi tulikuwa tukichota maji badala ya kusoma. Vyeo sitavisema kwa kuwa sikuwa navyo. Mshahara mnaujua, mlikuwa mkinihesabia nyinyi wenyewe. Nitasema juu ya nyumba. Wakubwa wanasema kazi yetu ni mikopo, lakini mimi miaka yote ile nilikuwa naona nyumba.

Niliajiriwa kufagia na kuchemsha chai. Chama chetu cha akiba na mikopo wakati ule kilikuwa na vyumba viwili pale Rahaleo, mjini Lindi, na dirisha moja la mbele lenye nondo. Meneja alikuwa Mzee Kasimu Mtopela, mtu wa Kilwa Kivinje, taratibu kama wenzake wote wa Kivinje. Siku ya kwanza alinipa fagio, sufuria na ufunguo, akaniambia nianze kufagia kizingiti, kwa sababu mteja anayeona haya hutazama chini. Nilidhani ananifundisha usafi. Ilinichukua muda kujua alichokuwa akinifundisha.

Mama yangu aliuza vitumbua sokoni, nami nilikaa naye pale tangu sijaota meno ya pili. Kwa hiyo watu wa mji huu nawajua kwa jina lao, la baba yao, na la yule wanayemkwepa. Wiki ile ile ya kwanza, nikiwa nafagia, nilimwona Selemani Mkwinda, muuza samaki wa Mikumbi, akipita na tenga lake. Akapita tena. Mara ya tatu alisimama, akafuta miguu kwenye kizingiti, akachungulia ndani. Kwenye benchi walikuwa wameketi watu watatu, mmoja wao shemeji yake. Akageuka akaenda zake. Saa ya chai nikamwambia afisa mikopo wa wakati ule kwamba Selemani Mkwinda amekuja. Afisa akatazama daftari, akasema hajaja, jina lake halimo. Mimi nikanyamaza. Niliona hao ndio waliosoma.

Selemani alikuwa nyuma miezi miwili tu. Nyumba yake ndiyo aliyoiweka dhamana. Baada ya hapo mambo yakaenda kwa karatasi: barua, barua ya pili, notisi, kisha dalali na gari lenye spika. Siku ya mnada mimi nilitumwa kumpelekea dalali maji ya kunywa. Nilimkuta mke wa Selemani, Zuhura binti Ali, ameketi juu ya kitanda chake kilichotolewa nje juani, anakunja nguo. Hakuna aliyemwambia akunje. Alikunja, akimaliza rundo analikunjua anaanza upya. Nyumba ilinunuliwa na mtu ambaye hata mlangoni hakuingia, aliitazama kwa nje akapiga simu.

Nilirudi na jagi nikamwambia Mzee Kasimu kwamba Selemani alikuja, nilimwona kwa macho yangu, mara tatu. Mzee akafunga daftari lililokuwa mbele yake. Kisha akasema, "Kuanzia kesho, ukimwona mtu anapita bila kuingia, uniambie mimi." Hiyo ndiyo barua yangu ya kazi, nyingine sikupewa.

Basi nikawa mfagizi anayetazama dirishani. Nawaambia, mtu aliyelaza rejesho, yaani malipo ya mwezi yamempita, humjui kwa daftari, daftari huchelewa. Utamjua kwa njia. Aliyekuwa akipita mbele ya ofisi anaanza kupita nyuma ya maghala. Aliyekuwa akileta rejesho mwenyewe anaanza kumtuma mtu. Na salamu zake hubadilika. Mwenye raha hukusalimu kawaida, ila mwenye rejesho lililolala hukusalimu kwa kelele kutoka mbali, apate kupita kabla hujamjibu. Nyinyi maofisa mnasema mkopo usiolipika umekuwa chechefu. Mara ya kwanza kulisikia neno hilo nilidhani kuku wa mtu wanaumwa.

Yule afisa alihama, akaja Mama Perpetua Mkwanda, Mmakonde wa Newala, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kiongozi wa kwaya, na kwaya kweli alikuwa akiimba. Mimi Mmwera. Mnajua sisi na Wamakonde ni watani, kwa hiyo tulianza kutukanana asubuhi ya kwanza kabla ya kujuana majina. Aliniuliza kama Wamwera tumekwisha kujifunza kuvaa viatu. Nikamuuliza kama ameoga, au kule mlimani kwao maji bado ni ya shida, wanapewa wageni tu. Tukapendana siku hiyo hiyo. Yeye ndiye mwalimu wangu, na kila mlichoniona nakifanya nilikichukua kwake, isipokuwa chai, maana chai yake ilikuwa haina ladha.

Alianza kunichukua kwenda kwa wateja, kwa sababu yeye alijua hesabu nami nilijua nyumba ya nani iko uchochoro gani. Safari ya kwanza tulivaa fulana za chama, tukapiga hodi mlango wa mbele kwa sauti, bahasha mkononi. Kufumba na kufumbua baraza limejaa majirani, na mwanamke mmoja ameanza kufunga khanga kiunoni akidhani tumeleta habari ya msiba. Mwenye nyumba alitujibu salama kwa kila tulichomuuliza. Mkopo? Salama. Biashara? Salama. Tukaondoka na salama zetu. Mama Perpetua njiani akasema fulana hizi tutawapa watu wa mpira. Tokea hapo tulikwenda na khanga zetu, tukapitia uani, tukamkuta mtu anachambua mchele tukachambua naye, anakuna nazi tukakuna. Habari ya nyumba inakuja mwisho, mchele ukishakwisha. Ikiwa mwenye nyumba ni Mmakonde alinitanguliza mimi, akiwa Mmwera akatangulia yeye. Mtani anaweza kuingia uani akasema lile ambalo ndugu wa damu hathubutu, na watu wakacheka. Afisa akilisema, ni kesi.

Sasa nifike kwa Damiani Chitanda.

Damiani alikuwa na mashine ya kusaga kule Mtanda, na nyumba ya vyumba vitano aliyoijenga na mkewe Agnesi. Agnesi alifyatua matofali ya nyumba ile akiwa na mimba ya mtoto wao wa kwanza, Joni. Walipokopa kununua mota mpya ya mashine, nyumba ndiyo ikawekwa dhamana, na Agnesi aliitwa aridhie, akaweka dole gumba. Mimi ndiye nilimshikia kidau cha wino. Alipomaliza alikitazama kidole chake, akaniuliza kama wino ule hutoka. Nilimwambia hutoka kwa limau.

Mwaka wa kwanza walilipa vizuri. Mwaka wa pili, karibu na Pasaka, Mama Perpetua alikuja kazini akalalamika kuwa kwaya yao imepoteza sauti nzito, Damiani sasa anasali misa ya kwanza ya alfajiri badala ya ya pili waliyokuwa wakiimba wote. Mimi misa sizijui, lakini nikamwambia, "Huyo amehama njia." Tukafungua daftari. Rejesho moja lilikuwa limelala, tena la juzi tu.

Nilifurahi, wanangu. Nilisema huyu tumemuwahi. Kesho yake nikaenda peke yangu, nikaingia uani kwao bila hodi kama mtani anavyoingia, nikamkuta Damiani anachonga mpini wa jembe, Agnesi anapepeta ulezi. Nikaweka mikono kiunoni nikasema, "Nimekuja kuangalia nyumba yangu. Nasikia Mmakonde wangu anahama."

Hakuinua hata uso. "Karibu, mtani, chagua chumba," akasema. "Ila utakilipa kwa chumvi, maana ndiyo mliyoifuata huku pwani nyinyi Wamwera mkasahau njia ya kurudi. Na choo kimejaa, uje na wako."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamrudishia, akanirudishia, Agnesi akacheka mpaka ulezi ukamwagika. Saa nzima tulikuwa pale. Wakanipa papai kubwa, Damiani akanisindikiza mpaka njia panda, na mimi nikafika ofisini nikiwa bado natabasamu.

Mama Perpetua akauliza amesemaje. Nikamwambia amesema choo kimejaa.

"Na rejesho?"

"Hatukufika huko."

Akalitazama lile papai. "Basi umekwenda kucheka kwa nauli ya ofisi."

Nawaandikia hili kwa sababu ni kosa langu, wala sikufanya lingine kubwa kuliko hilo. Nilidhani utani unafungua mlango, nikasahau kwamba mlango ule una pande mbili, na mwenzangu naye ana haki ya kuusukuma. Damiani alikuwa mtani hodari. Alinifunika kwa vicheko nisione kitu. Nami nikaona haya kurudi mara ya pili, maana mtani akikushinda leo unampa siku zake za kutamba. Zikapita wiki, zikawa miezi. Rejesho la pili likalala, la tatu likalala. Kamati ya mikopo ikaamua atolewe notisi ya siku sitini.

Mama Perpetua na mimi ndio tuliopeleka. Damiani hakuwepo. Agnesi aliipokea bahasha kwa mikono miwili, na Mama Perpetua akamwomba aifungue amsomee. Agnesi akakataa. Barua imeandikwa jina la mume, naye kwao hakuona mke akifungua barua ya mume, hata mume akiwa amesafiri mwaka. Tulimwambia ni ya haraka. Alisema atampa akirudi tu, na kweli alimpa. Hakudanganya.

Siku kumi zikapita, hakuna mtu aliyekuja ofisini. Siku hiyo nikiwa sokoni, mwuza nyanya mmoja, Mwanaidi Kambona wa Mingoyo, akaniambia Damiani ameonekana kwenye mikorosho yake ya huko Mingoyo na mtu wa kangomba. Kangomba mnawajua, ila nyinyi wa kutoka mbali niwaambie: hao hununua korosho ingali maua, kwa pesa ya mkononi, na serikali imewakataza. Mtu hupata pesa ya kuziba tundu leo, na msimu ukifika mikorosho yote ni ya mwenzake. Damiani angelipa marejesho mawili kwa pesa ile, na baada ya hapo asingekuwa na kitu tena cha kuiokolea nyumba. Sheria ingemkuta, dalali naye angemkuta. Mwanaidi alisema wamepatana kukutana tena asubuhi ya kesho kupeana pesa.

Asubuhi ile sikwenda kufagia. Niliwahi kwao jua halijapanda. Nikawakuta wote wawili uani. Damiani ameoga, amevaa suruali nzuri na fulana ya ndani, shati liko kwenye kamba, anasubiri likauke. Aliponiona akaanza, "Mmwera huyu kafuata..."

"Mtani," nikasema, "leo sina utani."

Wanangu mliozaliwa mjini hamwezi kujua uzito wa neno hilo. Mtani akilisema, watu huuliza nani amekufa. Agnesi aliweka chini uteo wake akauliza hivyo hivyo, nani.

"Hajafa mtu," nikamjibu. "Nyumba ndiyo inataka kufa."

Damiani akakasirika, na hasira yake ilikuwa ya aibu, siyo hasira ya kweli, mimi nazijua zote mbili. Akasema, "Bi Esha, nakuheshimu. Lakini wewe ni mfagizi. Haya ni mambo ya maofisa."

"Ndiyo, mfagizi. Na mimi ndiye niliyempelekea dalali maji ya kunywa siku ya nyumba ya Selemani Mkwinda. Sitaki kupeleka maji hapa."

Akageukia shati lake kwenye kamba. Agnesi alitutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akamuuliza mumewe barua ile inasemaje. Damiani akatia mkono mfuko wa suruali akaitoa. Bahasha ilikuwa imekunjika na kulowa jasho, na ilikuwa bado imefungwa. Mtu anayesoma masomo kanisani mbele ya watu, amezunguka na barua siku kumi na moja asiifungue. Akampa mkewe. Mkewe akanipa mimi.

Nikaisoma. Kwa darasa langu la nne, neno kwa neno, pengine silabi kwa silabi. Hakuna aliyenihimiza. Nilipofika kwenye neno mnada sikukwama. Tukahesabu siku kwa vidole vya watu watatu, zilikuwa zimebaki arobaini na tisa.

Nilitegemea Agnesi alie. Hakulia. Alimuuliza mumewe, "Mota iliungua lini?"

"Kabla ya Pasaka."

"Na ufunguo wa mashine unaondoka nao kila asubuhi."

"Naondoka nao."

"Unakwenda kufanya nini?"

Damiani akautoa ufunguo mfukoni, akautazama. "Nakaa," akasema. "Nafungua mlango, nakaa ndani. Mtu akija na mahindi namwambia umeme umekatika."

Miezi yote ile. Agnesi akaenda kwenye kamba, akalivua shati likiwa bado na maji kwenye kola, akampa. "Vaa," akasema. "Twende ofisini."

Nikawazuia kidogo, na hapa sikilizeni, maana hili mtalitumia. Niliwaambia wachukue ile notisi, wachukue daftari la marejesho hata kama lina aibu ndani, wachukue karatasi ya chama cha msingi inayoonyesha korosho walizouza msimu uliopita, na waende wote wawili. Na wasiende na hadithi. Mtu akija na hadithi, maofisa nao humjibu kwa hadithi. Damiani akauliza yule mtu wa kangomba je, anamngoja Mingoyo. Agnesi akasema kungoja hakuui mtu, na ile ndiyo mara pekee nilitamani kucheka siku hiyo.

Mzee Kasimu aliwapokea chumba cha ndani, nje ya macho ya benchi. Tangu siku za Selemani alikuwa na desturi hiyo, na nawaomba msiiache mnapohamia jengo jipya na vile vioo vyenu. Damiani aliongea yote. Mama Perpetua aliandika yote. Damiani alipomaliza aliambiwa kwamba mota kuungua si kosa, kosa ni kukaa nayo peke yake, na kama angekuja ile wiki ya kwanza wasingekuwa wanazungumzia notisi. Alijibu kwamba alikuwa akitafuta pesa kwanza ndipo aje. Wateja wote husema hivyo. Kwao kuja mikono mitupu ofisini ni utovu wa adabu, kama kwenda harusini bila zawadi. Waambieni, wanangu, siku zote waambieni, waje mikono mitupu. Mikono iliyojaa haina haja ya kuja mapema.

Kamati ilikaa wiki iliyofuata. Mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu, jina lake ninalo ila alikwisha kutubu, alisema tukimsubiri Damiani, mji wote utataka kusubiriwa. Mama Perpetua akasimama na karatasi zake. Alionyesha mikorosho ile ilitoa nini msimu uliopita, akaonyesha chumba cha mbele kinachoweza kupangishwa, akasema huyu mtu hana haja ya kusamehewa, ana haja ya kupangiwa upya malipo yake yaende na msimu wa korosho, maana mkorosho hautoi matunda kila mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa nagawa chai. Mzee Kasimu akaniuliza, mbele ya wote, mimi nasemaje. Birika lilikuwa zito mkononi. Nikasema, "Mimi nasema amekuja mwenyewe." Mwalimu akauliza hiyo ni hoja gani. Mzee Kasimu akamjibu kuwa ni hoja ya mtu aliyekuwepo mnadani, ambako mwalimu hakuwepo.

Wakakubali. Notisi ikasimamishwa. Kila mwezi atoe kidogo, kodi ya chumba cha mbele, na msimu ukifika korosho zipite ghalani kihalali na malipo yaje kwetu mpaka deni lifike pale linapostahili. Mama Perpetua aliisoma karatasi ile kwa sauti mara mbili, ya pili akimtazama Agnesi peke yake, kisha wakatia sahihi na dole gumba. Karatasi isiyosomwa kwa sauti msikubali mtu aitie kidole. Mimi mwenyewe nimetia kidole kwenye mambo mengi nisiyoyajua, yakiwemo ya mahari yangu.

Msimu ule haukuwa mwepesi. Ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, uliingia kwenye maua, Damiani na Joni wakashinda shambani wakipuliza salfa mpaka nywele zao zikawa za manjano. Chumba cha mbele kilipangwa na mwalimu wa sekondari, Tabia Mchopa, binti mpole aliyelipa kabla ya kudaiwa. Korosho zikaenda mnadani, mnada wa korosho namaanisha, siyo ule mwingine, na malipo yakachelewa. Hapo tukaona kioja. Mtu aliyetukimbia miezi ile yote sasa alikuja kila asubuhi kuuliza kama pesa imeingia. Aliingia kwa mlango wa mbele, akasalimia benchi zima, akaketi. Ikafika mahali Mzee Kasimu akamwomba apumzike nyumbani walau Jumatano.

Pesa iliingia. Haikumaliza deni, ila ililirudisha mahali ambapo mtu analala. Msimu uliofuata ukamaliza. Siku ya kurudishiwa hati Damiani alikuwa shambani, kwa hiyo akaja Agnesi. Tulimfungulia kabati, Mama Perpetua akamkabidhi. Aliishika kama mtu anavyoshika mtoto wa mwenzake, akaniuliza kama yote yaliyoandikwa humo ni nyumba ile ile. Nikamsomea jina, kiwanja na mtaa, na safari hii nilisoma haraka.

Sisemi wote walipona. Shabani Likwata wa Sudi alikuja zikiwa zimebaki siku nane, tukahangaika naye, nyumba ikaenda. Bi Halima Mnunduma aliokoa nusu, akauza mwenyewe kwa bei nzuri kabla ya dalali, akajenga ndogo kwa kilichobaki, na hadi leo anasema ile ndogo haivuji. Lakini nikiwahesabu wale waliokuja wakiwa nyuma mwezi mmoja au miwili, na majina yao ninayo yote, hakuna hata mmoja niliyempelekea dalali maji kwake. Mama Perpetua alistaafu kabla yangu akarudi Newala. Hupiga simu kila mwezi kuniuliza kama Wamwera tumejifunza kuvaa viatu.

Nilikuwa nimekwisha kuandika mpaka hapo nikaweka kalamu, nikiona yametosha. Leo asubuhi Agnesi amekuja kwangu. Amezeeka naye, anatembea kwa mkono mmoja kiunoni. Hakuja peke yake, alikuja na mwanamke kijana anayeuza mwani na mchele, mpangaji mwenzake wa fremu pale sokoni, maana Agnesi naye siku hizi anauza pale. Mgeni akaniamkia shikamoo, nikamjibu marahaba, nikawapa mkeka. Agnesi hakuzunguka.

"Bi Esha, huyu anaitwa Mwanahawa. Nyumba yao iko dhamana kwenu. Mwani umeoza wote kwa mvua, na rejesho la mwezi huu hana."

Nikamuuliza Mwanahawa amelaza marejesho mangapi. Akanitazama kama hajanielewa.

"Bado sijalaza, bibi. Tarehe ni Jumatatu. Mama Agnesi kaniambia nisingoje."

Miaka yangu yote pale nimeona waliokuja wamechelewa kidogo, na waliochelewa sana, na wasiokuja kabisa. Aliyekuja kabla ya tarehe sikuwahi kumwona. Nilimuuliza mara ya pili, kwa raha tu ya kulisikia jibu.

Nimemwambia mimi sina kazi tena, ofisi sasa ni yenu. Kwa hiyo kesho Ijumaa saa tatu atakuja na mumewe, na daftari lao. Anaitwa Mwanahawa Ismaili Chikawe, mumewe Yusufu. Hana pesa mkononi, msimuulize hilo kwanza. Mpelekeni chumba cha ndani, mpeni kiti.